Je, Bob Marley yumo katika unabii wa Kiebrania? Jibu kwa mtangazaji wa Mbale

Swali, kwa ufupi: Mtangazaji wa Kiswahili mjini Mbale anaandaa kipindi cha redio cha saa moja kuhusu wanamuziki wa mataifa mbalimbali walioimba maneno ya manabii wa Kiebrania. Akiwa katika maandalizi ametumiwa kwenye WhatsApp ujumbe wa sauti unaodai kwamba jina la Bob Marley limefichwa ndani ya Torati pamoja na habari za kifo chake. Anauliza dai hilo lina ukweli gani, nyimbo zipi kweli zimetoka kwa manabii, atazihakikishaje, na kwaya ya mtaani itakayofunga kipindi iimbe nini.

Jibu:

Ujumbe huo usiurushe hewani kama habari. Ukipenda uuzungumzie kama mfano wa hesabu iliyopindishwa, maana hesabu yenyewe si ngumu na wasikilizaji wako wataifuata.

Torati katika chapa za Kiebrania zinazotumika leo ina herufi 304,805. Alfabeti ina herufi 22, na irabu kwa kawaida haziandikwi. Wanaotafuta majina yaliyofichwa huchagua herufi ya kuanzia, wakaruka hatua fulani, tuseme herufi 50 au 5,000, wakachukua nyingine, wakaruka tena hatua ileile mpaka jina litimie. Jina Marley huandikwa kwa herufi nne: mem, resh, lamed, yod. Ukiruhusu hatua za urefu wowote, ukasoma kwenda mbele na kurudi nyuma, kuna njia kama bilioni 31 za kuokota herufi nne zilizoachana kwa hatua sawa. Kama herufi zote zingetokea kwa usawa, uwezekano wa herufi nne kuwa ndizo unazozitaka ni mmoja katika 234,256. Gawanya, na utaona kwamba jina hilo linategemewa kuonekana zaidi ya mara 130,000. Jina lolote la herufi nne utakalolibuni leo litaonekana humo kwa wingi wa namna hiyo. Na neno la Kiebrania la kusema mtu amekufa lina herufi mbili tu, mem na tav, kwa hiyo halikosekani karibu na jina lolote lile.

Wapo pia wanaojumlisha thamani za herufi, maana kila herufi ya Kiebrania hutumika pia kama namba. Mem ni 40, resh 200, lamed 30, yod 10, jumla 280. Lakini jina la kigeni lina tahajia zaidi ya moja. Mwandishi mwingine ataongeza alef baada ya mem ili msomaji asikosee kutamka, na alef ni 1, kwa hiyo jumla inakuwa 281. Mtafutaji huchukua ile inayomfaa na kuiacha nyingine, na hapo ndipo udanganyifu unapoingia, mara nyingi bila mwenyewe kujua.

Ulegevu huohuo ndio ulioangusha dai hili hata lilipovaa joho la kitaaluma. Mwaka 1994 Doron Witztum, Eliyahu Rips na Yoav Rosenberg walichapisha katika jarida la Statistical Science makala iliyodai kwamba majina ya marabi mashuhuri yanapatikana katika kitabu cha Mwanzo karibu na tarehe zao. Mwaka 1997 mwandishi wa habari Michael Drosnin akalieneza jambo hilo duniani kwa kitabu chake, akisema hata mauaji ya Waziri Mkuu Yitzhak Rabin yamo. Aliwatolea wapinzani wake changamoto waonyeshe mauaji ya waziri mkuu ndani ya riwaya ya Kiingereza Moby-Dick. Mwanahisabati wa Australia, Brendan McKay, akaitafuta riwaya hiyo kwa njia ileile na kuwakuta humo Indira Gandhi, Martin Luther King na wengine waliouawa. Mwaka 1999 yeye na wenzake watatu walionyesha katika jarida lilelile la Statistical Science kwamba kila rabi alikuwa na majina na lakabu kadhaa za kuchagua, na uchaguzi huo mdogo mdogo ulitosha kuleta matokeo ya 1994. Tena, ukiongeza au kuondoa herufi moja tu, karibu kila jina linalopita mahali hapo linavunjika. Hati za kale za Biblia zilizopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, kuanzia 1947 zinaonyesha wazi kwamba waandishi wa zamani hawakufuata tahajia moja.

Manabii wenyewe walikuwa na kipimo kikali kuliko hicho cha WhatsApp. Fungua Yeremia 28. Hanania wa Gibeoni anasimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, na kutoa ahadi yenye muda: ndani ya miaka miwili vyombo vilivyopelekwa Babeli vitarudi. Yeremia anajibu kwanza kwa kusema amina, Bwana na afanye hivyo. Kisha anaweka kanuni: nabii anayetabiri amani atajulikana neno lake litakapotimia. Ona mambo matatu yaliyopo hapo: neno limesemwa hadharani, lina muda, na limesemwa kabla ya tukio. Ujumbe uliotumiwa hauna hata moja. Marley alifariki tarehe 11 Mei 1981. Anayeutafuta mwaka huo ndani ya Torati leo anajua tayari anachokitafuta. Muulize aliyekutumia akuonyeshe jina la mtu ambaye bado hajapata umaarufu, pamoja na tarehe, akiandike leo na kukisaini.

Sasa tuje kwenye nyimbo, na huku ndiko kwenye mali.

Unabii wa Kiebrania ni mashtaka kabla haujawa utabiri. Nabii anasimama mbele ya mfalme, makuhani, wafanyabiashara wanaopunja mizani, na kuwaambia walichofanya. Ya kesho huja kama matokeo ya ya leo. Ukilishika hilo, utaona kwa nini wanamuziki wa mataifa yaliyoonewa wamewakimbilia manabii hawa, na pia utajua wapi wameacha nusu ya maneno.

Jambo la pili la kushika: Biblia ya Kiebrania ina sehemu tatu, yaani Torati, Manabii na Maandiko. Sehemu ya Manabii ina vitabu nane kwa hesabu ya Kiyahudi: Yoshua, Waamuzi, Samweli, Wafalme, Isaya, Yeremia, Ezekieli, na kitabu kimoja chenye manabii kumi na wawili wadogo. Zaburi, Mhubiri na hata Danieli wako katika Maandiko. Nyimbo nyingi zinazotangazwa redioni kama "unabii" zimetoka huko.

Mfano mkubwa ni Rivers of Babylon. Wengi hapa Uganda wanaijua kwa sauti ya Boney M., kundi lililotengenezwa Ujerumani na Frank Farian, ambalo liliutoa mwaka 1978. Wimbo wenyewe ni wa Jamaika: waliutunga Brent Dowe na Trevor McNaughton wa The Melodians, mwaka 1970. Maneno yake ni Zaburi 137 na mstari wa mwisho wa Zaburi 19. Si wa nabii yeyote, ingawa unasimulia uhamisho uleule ambao Yeremia aliuonya na Ezekieli aliuishi. Pata rekodi zote mbili na usikilize pale waliohamishwa wanapouliza wataimbaje katika nchi ya ugeni. The Melodians wanaimba wimbo wa "King Alpha", jina la heshima la Warasta kwa Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia. Boney M. wameliondoa na kuweka "Bwana". Badiliko hilo moja liliutoa wimbo katika ibada ya Kirasta na kuufikisha kwenye kumbi za dansi za Ulaya. Cheza sekunde ishirini za kila moja, mfululizo, na msikilizaji ataelewa bila maelezo marefu. Yeyote anayeuita wimbo wa furaha asome pia mstari wa 9 wa Zaburi hiyo, ambao nyimbo hizi mbili hazikuugusa: ni laana ya kutisha juu ya watoto wa Babeli.

Marley mwenyewe je? Katika Biblia anachota zaidi Torati, Zaburi na Mithali. Jiwe lililokataliwa na waashi, analoliimba katika Cornerstone, ni Zaburi 118:22. Exodus ya 1977 ni kitabu cha Kutoka. War ya 1976 si Biblia kabisa: maneno yake ni hotuba ya Haile Selassie mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, tarehe 4 Oktoba 1963. Mstari ambao wafuasi wa Marcus Garvey na Warasta waliutaja sana kama unabii, kwamba Kushi itamnyoshea Mungu mikono, ni Zaburi 68:31, na jina Jah limo katika Zaburi hiyohiyo, mstari wa 4, kwenye tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611. Kilichotoka moja kwa moja kwa manabii ni Babeli kama dola kandamizi inayongoja kuanguka. Hilo liko katika Isaya 21 na 47 na Yeremia 50 na 51, kisha Ufunuo wa Yohana ukalichukua kutoka kwao. Kwa hiyo hewani sema hivi: Marley anaimba kwa lugha ya manabii, lakini ni mara chache anawanukuu. Hilo ni kweli na linatosha.

Isaya 21 ndiyo iliyozaa mwangwi mwingine, All Along the Watchtower wa Bob Dylan, uliotoka Desemba 1967 na kupewa moto na Jimi Hendrix mwaka uliofuata. Soma mstari wa 5 mpaka wa 9: mlinzi mnarani, wakuu, wapanda farasi wawili wawili wanakuja, na mwishoni sauti inayosema Babeli umeanguka. Dylan anachukua mnara, wakuu na wapanda farasi wawili, na anaacha tangazo la mwisho. Wimbo unaisha kabla habari haijafika. Huu ni mwangwi, si nukuu, na tofauti hiyo itaje waziwazi.

Nukuu halisi utaikuta kwa Waafrika wa Marekani waliokuwa utumwani na vizazi vyao. There Is a Balm in Gilead unatoka Yeremia 8:22, na unafanya jambo la ajabu. Yeremia anauliza kwa uchungu kama hakuna zeri, yaani dawa ya kupaka, huko Gileadi, kama hakuna tabibu huko, na haachi jibu. Sura inayofuata inafunguliwa kwa machozi. Waimbaji wanajibu: ipo. Wamechukua swali la nabii aliyekata tamaa wakaligeuza kuwa tamko, na wakafanya hivyo wakiwa watu wenye sababu zote za kukata tamaa. Usiucheze kabla hujasoma mstari wenyewe hewani, taratibu, kwa Kiswahili. Bila swali, jibu halina uzito.

Dry Bones nao ni Ezekieli 37. Muziki wake hutajwa kuwa wa James Weldon Johnson na nduguye J. Rosamond Johnson. Watoto huuimba kujifunza viungo vya mwili, mfupa kwa mfupa, lakini mstari wa 11 unasema mifupa hiyo ni nyumba yote ya Israeli, watu waliosema tumaini lao limepotea. Down by the Riverside, ulioimbwa na Sister Rosetta Tharpe mwaka 1944, una ahadi ya kutojifunza vita tena: Isaya 2:4, inayorudiwa karibu neno kwa neno katika Mika 4:3. Umoja wa Kisovieti uliutolea mstari huohuo sanamu, ukaizawadia Umoja wa Mataifa mwaka 1959: mtu anayefua upanga kuwa jembe. Na kuna wimbo wa Kiebrania wa Isaya 12:3, Mayim Mayim, muziki wa Emanuel Amiran wa mwaka 1937, ambao watoto wa shule Japani wanaucheza kwenye duara bila wengi wao kujua ni Isaya.

Turn! Turn! Turn!, uliotungwa na Pete Seeger na kufikishwa namba moja Marekani na The Byrds mwaka 1965, ni Mhubiri 3. Si unabii. Who by Fire wa Leonard Cohen, 1974, unatokana na sala ya sikukuu za Mwaka Mpya wa Kiyahudi na Siku ya Upatanisho. Huo pia si unabii. Lakini You Want It Darker, wa albamu aliyoiachia Oktoba 2016 wiki chache kabla ya kufariki, una kwaya ya sinagogi la Shaar Hashomayim la Montreal na neno la Kiebrania "hineni", mimi hapa, alilojibu Isaya alipoitwa katika sura ya 6, na kabla yake Ibrahimu, Musa na Samweli. Huo unaweza kuuweka.

Kama una nafasi ya wimbo mmoja tu wa Ulaya, chukua If You Had a Vineyard wa Sinéad O'Connor, kutoka albamu Theology ya 2007. Unafuata Isaya 5, na Isaya 5 ni somo la muziki wa kupendwa lililotolewa na nabii mwenyewe. Anaanza kama mwimbaji wa mavuno: nitamwimbia mpenzi wangu wimbo wa shamba lake la mizabibu. Watu wanasogea. Shamba limelimwa, mawe yametolewa, mnara umejengwa, shinikizo limechimbwa, na mizabibu imezaa zabibu mwitu. Mstari wa 3 anawaomba wasikilizaji waamue kati ya mwenye shamba na shamba lake. Wakiwa bado wanalihukumu shamba, mstari wa 7 unawaambia kwamba shamba ni wao. Mstari wa 8 unataja kosa kwa jina: kuunganisha nyumba na nyumba na shamba na shamba mpaka maskini hana pa kukaa. Kwa wasikilizaji wa Uganda, ambako kesi za ardhi zinajaza mahakama, huna haja ya kuongeza maelezo.

Manabii pia walijua muziki unavyoweza kumlaza mtu. Amosi wa Tekoa, mchungaji na mtunza mikuyu, anasema katika 5:23 kwamba Mungu hataki kelele za nyimbo zao wala sauti za vinanda vyao. Mstari unaofuata ndio ule wa haki kutiririka kama maji. Martin Luther King aliunukuu mstari wa 24 Washington tarehe 28 Agosti 1963, na dunia nzima inaujua. Wa 23 hakuutaja. Usome wote wawili. Ezekieli 33 inakwenda mbali zaidi. Habari zimefika kwamba Yerusalemu imeanguka, watu wanamjia nabii, wanaketi mbele yake, na Mungu anamwambia kwamba wanamwona kama wimbo mzuri wa mtu mwenye sauti tamu na mkono mzuri wa kinanda: wanasikia, hawatendi. Hilo ndilo ningeliweka katikati ya kipindi chako, kwa sababu linaamua ni nani wa kuitwa nabii kati ya wanamuziki. Philly Lutaaya alipojitangaza kuwa na Ukimwi mwaka 1989, akazunguka shuleni na makanisani kuonya hadi karibu na kifo chake Desemba mwaka huohuo, alifanya kazi iliyo karibu na ya nabii: ukweli hadharani, kwa gharama ya heshima yake, kwa watu waliokuwa bado na nafasi ya kubadilika. Sema "kazi iliyo karibu na ya nabii". Usimwite nabii, yeye hakujiita hivyo, na hapa kwetu jina hilo linabandikwa kirahisi mno kwenye mabango ya barabarani.

Namna ya kuhakikisha wimbo, kila wimbo: kwanza andika maneno kutoka kwenye rekodi yenyewe kwa kusikiliza, kwa maana kurasa za mashairi mtandaoni zina makosa mengi, hasa kwa nyimbo za Jamaika. Pili, jua mtunzi alisoma Biblia gani. Nyimbo nyingi za Kiingereza zimefuata tafsiri ya 1611, kwa hiyo tafuta kwa maneno ya tafsiri hiyo. Ukitafuta kwa Kiingereza cha kisasa hutapata kitu. Tatu, ukipata sura na mstari, fungua Biblia ya Kiswahili na usome sura nzima, si mstari pekee, ukijiuliza nabii anamwambia nani. Mwisho amua: ni nukuu, ni mwangwi, au ni jina tu lililotajwa. Wimbo unaotaja Sayuni au Babeli pekee bila tendo wala sentensi ya nabii uweke kwenye kundi la majina tu, hata kama unaupenda.

Kosa linalowakamata wengi ni namba za mistari. Yoeli 3 katika Biblia ya Kiswahili ni Yoeli 4 katika ya Kiebrania. Malaki 4 yetu haipo kwao. Imo ndani ya sura ya 3. Isaya 9:6 ni 9:5, na Zaburi 68:31 ni 68:32, kwa sababu kichwa cha Zaburi kinahesabiwa kuwa mstari. Ukimhoji Myahudi na mkatofautiana kwa namba moja, msibishane hewani.

Na utakuwa na nani wa kumhoji, maana uko Mbale. Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, wako hapo hapo jirani. Anza kipindi nao, usianze na Jamaika. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza mashariki mwa Uganda kisha akakosana nao, aliingia katika Uyahudi mwaka 1919 kwa kuisoma Biblia mwenyewe, na alifariki 1928. Jumuiya yake ilipigwa marufuku kuabudu wakati wa Idi Amin, ikainuka tena baada ya 1979. Muziki wao umerekodiwa na Jeffrey Summit na kutolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003: Zaburi na sala kwa Kiganda na Kiebrania, kwa mpangilio wa sauti ambao mtu wa Bugisu au Busoga ataujua mara moja. Albamu hiyo iliteuliwa kuwania Grammy. Gershom Sizomu, aliyepata daraja la urabi mwaka 2008, alichaguliwa mbunge wa Bungokho North mwaka 2016. Mwaka 2013 ikatoka albamu nyingine, ya wakulima wa kahawa wa Mirembe Kawomera, ushirika wa Wayahudi, Wakristo na Waislamu chini ya Mlima Elgon, ulioanzishwa na J. J. Keki. Omba mahojiano kuanzia Jumapili hadi Alhamisi. Kuanzia Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jioni ni Sabato na hawarekodi. Na usiwaite uzao wa Israeli ya kale. Wao wenyewe wanaeleza kwamba waliingia kwa imani.

Wasikilizaji wako Waislamu ni wengi. Daudi na Zaburi wametajwa katika Kurani, lakini Isaya, Yeremia, Ezekieli na Amosi hawakutajwa humo kwa majina. Sema "katika Biblia ya Kiebrania" kila unaponukuu, na usimlazimishe mtu kukubali zaidi ya hapo. Mpigaji simu akitaka kuufunga mstari wa Babeli au Yerusalemu kwenye vita vya leo, mrudishe kwenye sura: nani anasema, kwa nani, lini.

Kwa saa moja, toa dakika 12 za habari na matangazo. Nyimbo saba, kila moja dakika tatu na nusu, ni kama dakika 25. Zinakubaki 23 za maneno, pamoja na mahojiano na kwaya, kwa hiyo usiongeze wimbo wa nane. Mpangilio: Abayudaya, Rivers of Babylon kwa vipande viwili, War, Balm in Gilead, Isaya 5 na Sinéad O'Connor, kisha usomaji wa Ezekieli 33:30-32 bila muziki wowote chini yake, halafu Lutaaya, Down by the Riverside, na kwaya.

Kwaya iimbe Isaya 2:4. Mwongozaji aanze: "Watafua panga zao ziwe majembe". Kwaya ijibu: "na mikuki yao iwe miundu". Usichukue muziki wa Down by the Riverside na kuuvika maneno haya. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na muziki huo utamlazimisha mwimbaji kutamka "MAjembe". Pigo zito la ngoma lianguke kwenye fu ya watafua, pa ya panga, za, zi, na je ya majembe: mapigo matano. Kwa kwaya ni ku ya mikuki, ya, i ya iwe, na u ya miundu: manne. Waalimu wengi hapa huliona pengo la pigo moja na kulijaza kwa neno la nyongeza. Liacheni. Kiebrania chenyewe kina maneno matatu upande wa kwanza na mawili upande wa pili; ufupi huo ndio umbo la mstari. Kwaya ivute u ya mwisho ya miundu kwa pigo moja, ngoma ikinyamaza, kisha mwongozaji arudi. Kasi ya mapigo 90 kwa dakika inatosha. Ikizidi 110 mstari wa pili unamezwa. Mwalimu wa kwaya asome kwanza Yoeli 3:10, ambako nabii mwingine anaamuru kinyume, majembe yafuliwe kuwa panga, ili asichanganye mistari siku ya kurekodi.

Kuhusu haki: hakikisha kituo kina leseni ya Uganda Performing Right Society kwa nyimbo zilizorekodiwa. Maneno ya Isaya kwa Kiebrania hayana mwenyewe, lakini tafsiri nyingi za Kiswahili zinamilikiwa na vyama vya Biblia, kwa hiyo taja tafsiri unayosoma, na kama kwaya inataka kuuza rekodi yake, waandikie wenye tafsiri kabla ya kuingia studio.